Paka mzee: mwongozo kamili wa kumpima nyumbani kila wiki

Wenye paka wazee hurudi na lalamiko moja: "Alikuwa mzima kabisa, ghafla ndani ya wiki moja amekwisha." Mara nyingi ghafla hiyo haikuwepo. Paka huficha maumivu na udhaifu, na figo zake zinaweza kuchakaa kwa miezi mingi bila yeye kukosa mlo hata mmoja. Kreatinini, taka ya mwili ambayo figo huchuja, haianzi kupanda wazi kwenye damu mpaka karibu robo tatu ya kazi ya figo iwe imepotea.

Kosa la kwanza ni kutegemea macho. Jicho linalomwona paka kila siku haliwezi kuona gramu 200 zilizopungua chini ya manyoya. Kosa la pili ni neno "uzee tu." Kukonda si uzee, kunywa maji mengi si uzee, kuacha kuruka kwenye kiti si uzee. Kila moja ina ugonjwa nyuma yake, na mengi ya magonjwa hayo yana dawa.

Mwongozo huu ni wa paka wa miaka 10 na kuendelea. Kazi yote ni kama nusu saa kwa wiki.

## Vifaa

- Mizani ya kidijitali ya kuning'iniza mizigo ya safari, inayosoma kwa hatua ya gramu 10 au 50. Mizani ya kupimia watoto wachanga ni bora zaidi ukiipata.
- Tenga dogo au kapu la plastiki lenye mfuniko, ambalo paka anaingia bila kujikunja.
- Kikombe cha kupimia chenye alama za mililita.
- Mabakuli mawili ya maji yanayofanana kabisa.
- Bomba la sindano la ml 5, bila sindano yenyewe.
- Tochi ndogo. Ya simu ni kali mno kwa macho yake; ifunike kwa karatasi nyeupe.
- Kikata kucha, rula na saa yenye sekunde.
- Daftari. Simu hupotea na kubadilishwa, na daktari husoma ukurasa mmoja wa safu za namba haraka kuliko picha 40 za simu.

Mizani ya bafuni, ile ya kusimama juu yake, iache. Ile ya hatua ya gramu 100 ukijipima na paka kisha ukajipima peke yako, unaunganisha makosa mawili, na tofauti unayoitafuta ni gramu 200 tu. Hapo ndipo wengi wanapokwama: wanapima miezi mitatu, namba zinaruka juu chini, wanakata tamaa.

## Hatua ya 1: Uzito, mara moja kwa wiki

Chagua siku moja, asubuhi kabla hajala. Tumbo lenye chakula na kibofu kilichojaa vinaweza kubadili uzito kwa zaidi ya gramu 100 ndani ya siku moja, ndiyo maana kumpima kila siku hakufai. Kunakuongezea hofu bila kukupa habari.

Siku chache kabla ya kipimo cha kwanza, liache kapu wazi sebuleni na uweke chakula chake ndani. Kapu linalotoka kabatini siku ya daktari tu, paka analikimbia.

Ning'iniza kapu tupu kwenye mizani kwanza, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, kisha mtie paka na uinue sentimita chache tu kutoka sakafuni. Soma mara tatu, andika namba ya katikati.

Hesabu yake ni hii: uzito wa zamani toa uzito mpya, gawa kwa uzito wa zamani, zidisha kwa 100. Paka aliyekuwa kilo 4.2 akawa kilo 3.95 amepoteza gramu 250, yaani karibu asilimia 6.

Kupungua kwa asilimia 5 ndani ya mwezi bila wewe kumpunguzia chakula kunatosha kwenda kwa daktari wa mifugo. Asilimia 10 si jambo la kungoja mwisho wa mwezi. Anayekula sana, anayelia usiku na huku anakonda, mfikirie tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Huu ni ugonjwa wa paka wa zaidi ya miaka 10 na unadhibitiwa kwa vidonge.

Tahadhari moja: mizani inaweza kudanganya. Paka anaweza kupoteza misuli ya mgongo huku tumbo likijaa maji, na namba ikabaki palepale. Kwa hiyo baada ya kupima, pitisha vidole juu ya uti wa mgongo. Pingili zinatakiwa kuhisika chini ya nyama, si kuchomoza kama meno ya msumeno.

Umefanikiwa pale ambapo vipimo vinne vya mwezi mmoja vinatofautiana kwa gramu 100 au pungufu na paka hababaiki ukishika kapu.

## Hatua ya 2: Maji, siku 3 mfululizo kila mwezi

Hiki ndicho kipimo kinachorukwa zaidi, na ndicho kinachowahi kufichua figo, kisukari na tezi.

Asubuhi, pima maji, tuseme ml 300, mimina kwenye bakuli lake. Mimina kiasi hichohicho kwenye bakuli la pili na uliweke juu ya kabati asikofika. Baada ya saa 24 pima yaliyobaki kwenye yote mawili. Bakuli la juu linakuonyesha maji yaliyopotea hewani, ambayo katika joto la Mombasa au Dar es Salaam chini ya feni si kidogo. Kama la juu limepungua ml 20 na la chini ml 170, paka amekunywa ml 150.

Gawa kwa kilo zake. Zaidi ya ml 50 kwa kila kilo kwa siku ni ishara ya kuuliza daktari. Zaidi ya ml 100 kwa kilo ni tatizo bila ubishi. Kwa paka wa kilo 4, mpaka wa kwanza ni ml 200.

Chakula kinabadilisha hesabu. Chakula cha kopo kina maji karibu robo tatu ya uzito wake, punje kavu zina kama asilimia 10 tu. Anayekula samaki wa kuchemsha au cha kopo hugusa bakuli mara chache, kwa hiyo kwake hata ml 120 zinaweza kuwa ongezeko kubwa. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa miezi iliyopita kuliko na paka wa jirani.

Kinachoharibu kipimo ni ndoo za maji bafuni, beseni la kufulia, mfereji wa nje. Siku hizo tatu funika ndoo na umfungie ndani. Kama mna paka wawili, mtenge huyu chumbani saa 24 pamoja na choo chake. Asipotengeka, acha kipimo cha maji na tegemea Hatua ya 4.

Usimpunguzie maji kamwe kwa sababu anakojoa sana. Figo dhaifu hazina uwezo wa kubana maji ili mkojo uwe mzito, na anakunywa ili kufidia kinachotoka. Ukimnyima anakauka ndani ya siku moja au mbili.

## Hatua ya 3: Pumzi usingizini

Moyo wa paka huugua kimya. Hakohoi kama binadamu mwenye moyo mbovu, wala hatembei akihema barabarani kama mbwa. Kinachobadilika kwanza ni kasi ya pumzi akiwa amelala.

Subiri alale fofofo. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika nzima. Usihesabu akikoroma kwa raha, sharubu na miguu vikitikisika kwa ndoto, wala mchana wa jua kali. Alfajiri ni saa nzuri.

Chini ya 30 kwa dakika ni salama. Ikizidi 30, rudia baada ya saa moja au mbili. Ikibaki hapo, mpigie daktari siku hiyohiyo. Ikizidi 40, au tumbo linasukumana na kifua, au anapumua mdomo wazi, ondoka sasa hivi. Kwa paka, kupumua mdomo wazi akiwa ametulia ni dharura.

Mara moja kwa wiki inatosha, na kama daktari ameshasikia mlio usio wa kawaida moyoni, kila siku.

## Hatua ya 4: Choo

Mchanga wa paka unaoganda hukupa madonge ya mkojo ya kuhesabu. Mara 2 hadi 4 kwa siku ni kawaida kwa wengi. Andika idadi na ukubwa wa donge la kawaida kwa rula. Madonge yakiongezeka ukubwa wiki baada ya wiki, hiyo ni habari ileile ya Hatua ya 2. Mchanga wa mtoni unafaa pia, ila utahesabu madoa yaliyolowa.

Majivu usitumie, yakilowa huwasha nyayo. Randa za mbao zilizopakwa dawa ya mchwa nazo ni hapana.

Beseni liwe na upande mmoja uliokatwa ubaki kimo cha sentimita 7 hivi. Mzee mwenye magoti yanayouma huogopa kuruka ukingo, akajisaidia kando ya beseni, watu wakasema amekuwa mkaidi.

Siku mbili bila kinyesi ni za kupiga simu. Dume anayeingia chooni mara kwa mara, anajikamua, analia na hakuna tone, asilale nyumbani usiku huo: njia ya mkojo imeziba, na kuziba kwa siku moja au mbili kunaua.

## Hatua ya 5: Mikono, kuanzia pua hadi mkia

Dakika kumi, jioni akiwa ametulia, fuata mpangilio uleule kila mara ili usisahau kitu.

Macho. Mulika taratibu. Mboni inatakiwa kusinyaa. Mboni kubwa zisizosinyaa, au paka anayeanza kugonga viti ghafla, ni dalili ya shinikizo la damu lililoharibu nyuma ya jicho. Saa zinahesabika, akiwahiwa, uoni huweza kurudi kwa kiasi. Ukungu mwepesi wa bluu ndani ya lenzi, kwa upande mwingine, ni wa umri na hauzuii kuona.

Kinywa. Usimpanue taya. Inua mdomo wa juu kwa kidole gumba, kila upande. Fizi ziwe za waridi na zenye unyevu. Mstari mwekundu kwenye shina la jino, utomvu wa mate upande mmoja, au kuangusha punje wakati wa kula ni maumivu ya meno. Harufu inayofanana na mkojo inaelekeza kwenye figo. Bonyeza ufizi, uwe mweupe, uachie: rangi irudi ndani ya sekunde 2.

Usipime ukavu wa mwili kwa kuvuta ngozi ya shingo. Ngozi ya paka mzee imelegea, itakaa imesimama hata akiwa na maji ya kutosha. Amini fizi: zikinata kidoleni, amekauka.

Masikio na pua. Paka mweupe au mwenye masikio meupe anayeota jua la kwetu yuko kwenye hatari ya saratani ya ngozi. Kigaga kwenye ncha ya sikio au juu ya pua ambacho hakijapona wiki 3, kinachobanduka na kurudi, si cha kupaka mafuta. Kikiwahiwa, daktari akikata ncha ya sikio mara nyingi hupona kabisa.

Koo. Telezesha vidole viwili kando ya koromeo hadi kifuani. Kinundu kidogo kinachoteleza ni cha kuonyesha.

Tumbo na chuchu. Kwa jike, pitia mstari wote wa chuchu, kwapa hadi kinena. Uvimbe hapo, hata wa ukubwa wa punje ya mchele, mara nyingi ni saratani. Upime kwa rula, andika, nenda wiki hiyo. Usingoje uone kama utakua.

Mgongo wa chini. Manyoya yaliyoshikana juu ya kiuno yanasema hawezi tena kujigeuza ajilambe. Maumivu ya viungo ni ya kawaida sana kwa paka wa zaidi ya miaka 12, na karibu kamwe hachechemei: anaacha kuruka, anashuka kitandani kwa hatua mbili, anakuuma ukimpiga brashi pale.

Kucha. Za wazee hunenepa na kujikunja, zingine huzama kwenye nyayo na kuoza. Kata ncha ya milimita 2 kila wiki mbili au tatu, mbali na sehemu ya waridi yenye mshipa. Zikiwa nyeusi, kata kidogo kidogo. Kucha ya kidole gumba cha mbele ndiyo husahaulika.

## Hatua ya 6: Chakula, na vitu vinavyoua

Mpe kidogo mara 4 kwa siku. Kipashe kifikie joto la mwili wake; pua ya mzee imedhoofika, na harufu ndiyo inayomwita. Ukibadilisha chakula, changanya kwa siku 7 hadi 10.

Ugali uliochovywa kwenye mchuzi si chakula cha paka. Anahitaji nyama au samaki ili apate taurini, kirutubisho ambacho kikikosekana moyo na macho huharibika. Dagaa waliochemshwa kwa chumvi wapitishe kwenye maji ya moto mara mbili, umwage. Mchuzi wenye kitunguu maji au kitunguu saumu huvunja damu yake. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi.

Usimpunguzie nyama kwa kudhani unaziokoa figo. Chakula cha figo kina protini iliyopimwa na fosforasi ndogo, na huanzishwa baada ya vipimo. Ukikata nyama kwa kubahatisha unammaliza misuli.

Paka asiyekula saa 24 mpigie daktari simu. Akifika siku mbili, hasa aliye mnene, ini linaanza kujaa mafuta na linaweza kumuua kabla ya ugonjwa wenyewe.

Dawa za nyumbani ndizo zinazoniudhi kuliko yote katika somo hili, kwa sababu hutolewa kwa huruma. Ini la paka haliwezi kuvunja parasetamoli: kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua, fizi zikigeuka kahawia au bluu. Diklofenaki na ibuprofeni huua figo. Dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini humtia degedege. Dawa ya josho la ng'ombe, ambayo watu huipaka paka "kidogo tu," usiiguse.

Daktari akikupa kidonge, mfuatishie ml 5 za maji kwa bomba, taratibu kupitia pembeni mwa mdomo. Kidonge kikavu hukwama kooni na kuunguza njia ya chakula.

## Hatua ya 7: Kwa daktari, kila miezi 6

Nenda na daftari. "Amekonda kidogo" haimsaidii daktari, "kilo 4.2 mwezi Januari, 3.95 mwezi Machi, maji kutoka ml 110 hadi 230" humwelekeza moja kwa moja.

Omba hivi kwa majina: kreatinini, yurea, sukari, homoni ya tezi T4, kipimo cha mkojo pamoja na uzito wa mkojo wenyewe ukilinganishwa na maji, na shinikizo la damu. Mkojo usiache. Mkojo wenye uzito wa juu ya 1.035 unaonyesha figo bado zinabana maji. Mwepesi kuliko huo, kwa paka anayekunywa sana, hutoa onyo kabla ya damu. Shinikizo linalorudi juu ya 160 kila likipimwa kwa kawaida linatibiwa, juu ya 180 ni hatari zaidi.

Kuchukua mkojo nyumbani: osha beseni bila kuacha sabuni, weka kokoto ndogo za tangi la samaki zilizooshwa na kukaushwa badala ya mchanga, kisha vuta mkojo kwa bomba lako la ml 5. Ufike maabara ndani ya saa 4, au ukae kwenye friji.

Daktari wa mtaani akiwa amezoea ng'ombe na kuku, na hana kifaa cha shinikizo la paka, tafuta hospitali ya wanyama ya chuo: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro, Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, au Makerere Kampala. Chanjo ya kichaa cha mbwa iendelee hata uzeeni.

## Kalenda ya siku njema na mbaya

Akishapata ugonjwa usiopona, daftari linabadilika kazi. Tundika kalenda ukutani. Kila usiku weka alama: njema kama amekula mwenyewe, amefika chooni na amekuja kwa watu, mbaya kama mawili kati ya hayo yamekosekana. Aweke alama mtu mmoja, asibadilishwe, maana kila mwanafamilia ana matumaini ya kipimo chake.

Siku mbaya zikizidi njema kwa wiki mbili mfululizo na matibabu yameshajaribiwa, muulize daktari wazi kuhusu kumlaza usingizi wa milele. Hufanywa kwa dawa nyingi ya usingizi kupitia mshipa, moyo husimama akiwa tayari hajitambui, na unaweza kuomba ifanyike nyumbani. Kumtupa sokoni au kumpa sumu ni ukatili, na katika nchi zetu nyingi ni kosa kisheria.

Kama nyumbani kuna paka mwingine aliyetimiza miaka 7, mfungulie ukurasa wake leo: uzito mara moja kwa mwezi na maji mara mbili kwa mwaka vinamtosha kwa sasa. Namba zake za uzima ndizo utakazohitaji kulinganisha akifika 12.